Digadi la Kushoto

Katika sehemu zilizotangulia za sura hii tumezieleza kauli za kitenzi kwa majedwali na kwa sentensi fupi za mifano. Mwalimu mwanafunzi aliyeyasoma majedwali hayo anaweza kuzitaja kauli zote kwa mpangilio, na bado asione ni kwa nini msemaji huchagua hii akaiacha ile. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kusimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, walimu watatu wa Kiswahili tunaokaa mtaa wa Namakwekwe, katika jiji la Mbale, mashariki mwa Uganda. Ni kisa cha gari kuukuu na bati lililobonyea. Hata hivyo, msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kisa hiki ilitendeka ndani ya vitenzi.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya aina iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1991. Kiwandani aina hiyo hujulikana kwa alama ya E100. Huku kwetu huitwa Kikumi, yaani mia moja kwa Kiluganda. Tulilinunua kwa kuchangishana, na sababu yake ilikuwa hii. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wa somo hili walikuwa wachache, na shule zilizotuhitaji zilitawanyika: nyingine mjini, nyingine kwenye miteremko ya Mlima Elgon ambako barabara ni za udongo. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo walimu wa masomo ya sanaa walikuwa wamegoma, wakidai mishahara yao isiachwe nyuma sana na ile ya wenzao wa sayansi. Sisi tulikuwa wa sanaa. Hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kununua gari peke yake, wala kulitengeneza peke yake likiharibika.

Tulikubaliana kulitumia kwa zamu, na ndani yake tukaweka daftari. Kila aliyelitumia aliandika tarehe, mahali alikokwenda, mafuta aliyotia na jambo lolote lililotokea. Daftari hilo lilikaa mwaka mzima bila kuwa na neno la maana zaidi ya lita za petroli.

Asubuhi moja ya Jumamosi, baada ya usiku wa mvua, tulikuta pembe ya mbele ya gari imeharibika upande wa kushoto. Digadi lilikuwa limejikunja kuelekea nyuma, ukingo wa boneti umeinuka, na mlango wa abiria ukikwaruza kila ulipofunguliwa. Aliyekuwa na zamu siku iliyotangulia ni mdogo wetu, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili kazini. Katika daftari alikuwa ameandika maneno mawili: "Gari limegongwa." Tulipomuuliza ni nani aliyeligonga, alijibu kwamba aliliegesha kando ya barabara, na aliporudi alilikuta limebonyea. Tulisikitika naye, tukalaani madereva wasiojali mali za watu, kisha tukaenda kumtafuta fundi.

Fundi tuliyempata ni mzee ambaye gereji yake haina paa zaidi ya mwembe mmoja na mabati machache. Alijifunza kazi ya bodi mjini Kisumu, na Kiswahili chake alikipata huko huko. Hakusema mengi. Alichuchumaa mbele ya gari, akapitisha kiganja juu ya bati kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa, kisha akaingiza ukucha ndani ya mkunjo na kutoa unga mwekundu.

"Walimu," alisema, "gari yenu imegonga. Haijagongwa."

Tukamwuliza amejuaje. Akatuonyesha. Mikwaruzo yote ilianza mbele ikaelekea nyuma kwa mstari mmoja, jambo linaloonyesha kwamba gari lilikuwa linakwenda. Kama gari jingine lingalilipiga likiwa limesimama, alisema, lingaliacha rangi yake, kwa maana rangi ya gari huhamia kwenye gari. Palikuwa hapana rangi ngeni. Kilichokuwamo mkunjoni ni vumbi la tofali na chokaa.

Msomaji atambue kwamba mzee huyo alisema "gari yenu," akaliweka neno gari katika ngeli ya I-ZI, nasi kila siku huwasahihisha wanafunzi wetu waseme "gari lenu." Siku hiyo hakuna aliyemsahihisha. Alikuwa ametofautisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa kwa usahihi ambao hatukuwa tumeufikia katika mwaka mzima wa kuzifundisha, na ushahidi aliutoa katika bati lenyewe. Mdogo wetu alikuwa amesimama karibu nasi. Aliinamisha kichwa, akasema kwamba labda ni hivyo, labda sivyo, kwa kuwa yeye hakuwapo. Sisi wawili tuliokuwa wakubwa wake tulitazamana, tukanyamaza. Ilikuwa rahisi zaidi kuzungumzia bei.

Fundi alitupa maelezo ambayo kila mwenye gari kuukuu hapana budi kuyajua. Madigadi ya mbele hufungwa kwa bolti, kwa hiyo huweza kufunguliwa na kuwekwa mengine. Yale ya nyuma yamelehemiwa pamoja na bodi, na kuyabadilisha ni kukata na kuunga upya. Boneti na mlango wetu vingeweza kunyooshwa. Digadi lilikuwa limekunjika mara mbili mahali pamoja, na chuma kilichokunjika namna hiyo huwa kigumu na chepesi kupasuka pale pale kwenye mkunjo. "Hii tafuteni nyingine," alisema.

Kutafuta kipuri cha gari la umri huo si kazi ndogo. Mwaka 2018 Uganda ilitunga sheria inayozuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yaundwe; Kenya imeweka mpaka wa miaka minane. Maana yake ni kwamba Kikumi hawaji tena. Waliopo hulishana wao kwa wao: mmoja akifa, hutoa taa kwa huyu na mlango kwa yule. Vipuri vingine huja vikiwa vimekatwa kutoka magari yaliyotumika Japani, na vingine ni mabati mapya yaliyoigizwa na viwanda vingine vya Asia, ambayo mara nyingi ni membamba kuliko ya asili na matundu yake ya bolti hayakubali kulingana. Fundi alituonya tusilichukue bati jipya kwa sababu tu linang'aa. Alituonya pia kuhusu ndugu wanaofanana. Toyota Sprinter ni pacha wa Corolla, lakini pua yake ni tofauti. Na Corolla ya miaka hiyo iliyouzwa Ulaya ilikuwa na taa za mbele zenye umbo jingine, kwa hiyo hata digadi lake haliketi juu ya gari lililotoka Japani.

Hapa inafaa tutue kidogo juu ya neno lenyewe, kwa sababu mwalimu wa sarufi atalihitaji. Kiswahili kililipokea neno madigadi kutoka Kiingereza, ambako halikuwa na kiambishi chochote cha wingi. Silabi yake ya kwanza ilikuwa sehemu ya shina. Lakini sikio la Mswahili lilisikia ma-, likakumbuka matunda, magari na mabati, likahukumu kwamba hayo ni mengi. Kama ni mengi, basi moja lake ni lipi? Wasemaji wakaiondoa ma-, wakapata digadi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kitabu, neno la Kiarabu ambalo ki- yake haikuwa kiambishi, lakini leo tunasema vitabu. Na ndivyo ilivyokuwa kwa kipilefti cha barabarani, ambacho wingi wake ni vipilefti. Mwanafunzi akikuuliza nani aliyeamua hivyo, mjibu kwamba hapana kamati iliyokaa. Ngeli hufanya kazi kichwani mwa msemaji hata pale asipojua kwamba anayo.

Tuliulizia digadi kwa wauza vipuri wa Mbale wiki nzima bila mafanikio. Hatimaye jamaa mmoja alitupa namba ya simu ya muuzaji wa mbali, nasi wawili tukampigia jioni moja tukiwa tumesimama mbele ya gari letu. Alituuliza, "Upande gani?" Tukalitazama gari lililokuwa likitutazama. Pembe iliyoharibika ilikuwa mkono wetu wa kulia. Tukajibu, "Wa kulia." Tukatuma shilingi 150,000, na siku ya tatu kipuri kikashushwa kutoka kwenye basi, kimefungwa kwa magunia, kizuri ajabu, bila kutu wala bonyeo. Tulipolifikisha kwa fundi, alilishika akaligeuza mara moja, akaliegemeza kwenye mwembe.

"Hii ni ya upande wa dereva," alisema.

Kulia na kushoto kwa gari hakuhesabiwi kwa mtu anayelitazama. Huhesabiwa kwa mtu aliyeketi ndani yake akitazama mbele. Ndiyo maana mafundi wengi huacha kabisa maneno hayo mawili, wakasema upande wa usukani na upande wa abiria. Na hapa Uganda, ambako magari hupita kushoto mwa barabara, usukani huwa kulia. Sisi tuliokuwa tumewafundisha wanafunzi wetu vielezi vya mahali, pamoja na kanuni kwamba kila kielezi cha namna hiyo huhitaji mahali pa kuanzia, hatukujiuliza kulia ni kulia kwa nani. Muuzaji hakuwa na kosa lolote. Alituletea kile tulichokiomba, wala hakuwa na wajibu wa kukirudisha.

Usiku huo mkubwa wetu, mwanamke aliyefundisha miaka mingi kuliko sisi wengine, alilichukua daftari la gari ili aandike hasara. Aliandika: "Digadi lisilofaa limenunuliwa." Kisha akaiacha kalamu mezani akatazama alichokiandika. Juu yake, katika ukurasa ule ule, palikuwa na sentensi ya mdogo wetu: "Gari limegongwa." Sentensi zile mbili zilikuwa ndugu. Zote zilikuwa sahihi kisarufi. Hapana mtahini ambaye angezikata alama. Kila moja ilikuwa na kiambishi cha kutendwa, na kila moja ilikuwa imemwacha mtendaji nje ya mlango.

Kauli ya kutendwa ina kazi zake za halali, nasi tumezitaja mwanzoni mwa sura. Huitumia yule asiyemjua mtendaji, au yule anayetaka kumtilia mkazo mtendwa. Mwandishi wa habari na mwandishi wa sheria hawawezi kuishi bila hiyo. Lakini pale mtendaji anapojulikana, naye ndiye anayeandika, kauli hiyo hugeuka kuwa pazia. Kitenzi bonyea ni pazia zito zaidi, kwa sababu hakidai mtendaji hata kidogo: bati limebonyea, kana kwamba bonyeo huota lenyewe kama uyoga baada ya mvua.

Mkubwa wetu alikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Tumenunua digadi lisilofaa. Hatukuuliza vizuri." Akalirudisha daftari garini bila kusema neno. Hakulikusudia liwe fumbo kwa mtu yeyote. Alituambia baadaye kwamba aliona haya tu.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu tulikuta mstari mpya chini ya ule wa mkubwa wetu, kwa mwandiko wa mdogo wetu: "Niligonga nguzo ya lango la shule, gari lilipoteleza kwenye matope. Niliogopa." Nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopita, kauli ya kutenda, na yambwa yake imetajwa wazi. Jioni alikuja mwenyewe. Alitueleza kwamba mwezi ule alikuwa amemlipia mdogo wake ada, na alipoiona pembe ile alihesabu kichwani gharama ya kulitengeneza gari peke yake, akaona haiwezekani. Alisema pia kwamba uongo ule ulimwelemea zaidi siku fundi alipoutoa unga wa tofali, kwa kuwa alijua tumejua, nasi tukamwacha. Maneno hayo yalituchoma. Tulidhani kwamba tulimstahi kwa kunyamaza. Kumbe tulimwacha peke yake na jambo lake.

Mdogo wetu ndiye aliyesafiri kwenda Jinja Jumamosi iliyofuata. Jinja ni mji wa viwanda tangu siku za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na miongoni mwa viwanda vyake vimo vinavyoyeyusha chuma chakavu. Gari likifia mashariki mwa Uganda, bati lake hufuata njia moja kati ya mbili: ama linaishia kwa fundi, ama linaishia tanuruni. Katika rundo la chuma lililokuwa likingoja njia hiyo ya pili alilipata digadi la kushoto la Kikumi, lenye kutu kidogo ukingoni na bonyeo moja dogo. Kabla ya kulipa alitupigia simu akasema, "Nimekaa ndani ya gari kwa mawazo, nikatazama mbele. Ni la abiria."

Kazi ya kunyoosha ilichukua siku nne, nasi tulikwenda kuitazama kila tulipopata nafasi. Siku ya kwanza mdogo wetu, kwa bidii ya mwalimu wa kauli, alimwambia mzee, "Fundi, bati limepinda; lipindue." Mzee akacheka hadi akaketi. "Mnataka niipindue gari? Itakaa miguu juu!"

Kosa hilo ni la kufundishia. Kauli ya kutendua hurudisha nyuma tendo la kitenzi cha msingi: kunja ina kunjua, fumba ina fumbua, ziba ina zibua, tega ina tegua. Mwanafunzi akishaiona kanuni hiyo huitumia popote, na lugha humkatalia. Pindua ipo, lakini haifuti pinda. Maana yake ni kugeuza juu kuwa chini, na kwayo tumepata mapinduzi. Nayo bonyea haina kitenduzi chochote. Kilichobonyea hakibonyoleki. Lugha hutupeleka kwenye shina jingine kabisa, nyooka, na kulitia kauli ya kutendesha: nyoosha. Tunachokifanya ni kukifanya chuma kinyooke tena, na hiyo ni kazi mpya, yenye mtendaji mpya.

Fundi alitufahamisha kwamba chuma nacho kina mawazo hayo hayo. Ukilipiga bonyeo katikati kutoka upande wa pili ukidhani utalirudisha lilikotoka, utalivuta bati na kulipanua, nalo litabaki likicheza kama kifuniko cha mkebe. Alianza pembeni, mahali ambapo mkunjo ulikoma, akaelekea ndani polepole. Jeraha la mwisho hutibiwa kwanza. Kwa mkono mmoja alishika fuawe ndogo nyuma ya bati, kwa mwingine nyundo yenye uso laini, akagonga mapigo mepesi mengi badala ya mazito machache, kwa maana bati hilo halifiki unene wa milimita moja. Palipokuwa pamepanuka alipapasha moto, kisha akapapoza ghafla kwa kitambaa chenye maji ili pajikaze. Puti alipaka mwishoni, tena nyembamba. Alisema fundi mvivu hufukia shimo zima kwa puti, na baada ya msimu mmoja wa mvua na mashimo ya barabarani hupasuka ikatoka kama ganda. Msasa ulifuata, kuanzia wenye punje kubwa hadi ulio laini, kisha rangi ya msingi.

Rangi yenyewe ilikuwa na namba katika kibao kilichomo ndani ya boneti: 040, nyeupe. Mchanganyaji aliipata barabara. Hata hivyo, gari lilipotolewa juani, digadi lilionekana jeupe kuliko mlango, kwa kuwa mlango umekaa juani karibu miaka thelathini na digadi limekaa siku moja. Fundi aliipuliza rangi kidogo juu ya mlango ili mpaka usionekane kwa ukali. Unaonekana bado, kwa anayejua pa kutazama.

Gharama ya digadi la Jinja tuliigawa kwa tatu, na ya lile lisilofaa sisi wawili tulioliagiza. Mdogo wetu alisisitiza kulipa rangi, nasi hatukumzuia.

Mwalimu mwanafunzi atakapofika darasani asiridhike kumtaka mwanafunzi abadilishe sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda ya kutendwa. Amwulize pia: baada ya kuibadilisha, ni nani amepotea, na je, ni haki apotee? Swali hilo halimo katika majedwali, lakini ndilo mwanafunzi atakalolihitaji siku atakapoandika ripoti au barua ya kuomba radhi. Tena asisahau kwamba hata sisi, nafsi tuliyoitumia katika insha hii yote, inaweza kuficha. Tumejitahidi kila mara kusema ni watatu au ni wawili.

Digadi la kulia bado limeegemea ukuta wa nyumba tunayokaa Namakwekwe. Upande huo wa gari haujapata kuguswa na kitu. Wageni huuliza lilifikaje pale, na yeyote kati yetu wawili aliyepo huwajibu: tulilinunua sisi.